Kuwafikisha Chuoni: Mafunzo kutoka kwa Walimu wa Wanafunzi Walatino nchini Marekani

Maandalizi ya chuo nchini Marekani ni kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani. Hakuna mtihani mmoja wa taifa ambao matokeo yake hupelekwa kwenye bodi, na bodi ikawagawa wanafunzi vyuoni. Kila chuo hupokea maombi yake, huweka masharti yake na hupanga tarehe zake. Mwanafunzi ndiye anayepaswa kuyajua masharti hayo, kuchagua masomo yanayoyatimiza, kuandika insha, kuomba barua za walimu, kujaza fomu za msaada wa fedha na kuthibitisha nafasi yake kabla hajapewa mwingine. Katika nyumba ambayo baba na mama wamesoma chuo, mengi ya haya huzungumzwa wakati wa chakula, wala hakuna anayeyaita maandalizi. Katika nyumba ambayo mtoto ndiye wa kwanza kufika huko, hana budi kufundishwa na mtu wa nje.

Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ni takriban mtu mmoja katika kila wakazi watano wa Marekani. Katika shule za umma sehemu yao inazidi robo ya wanafunzi wote. Wengi wamelelewa na wazazi ambao hawakupata kusoma chuo, na wengi wanatoka katika familia za kipato cha chini. Walimu na washauri waliofanya kazi nao tangu miaka ya 1960 wameacha kumbukumbu nyingi: madarasa yaliyofaulu, programu zilizoenea nchi nzima na majaribio yaliyopimwa na watafiti. Kumbukumbu hizo zinarudia jambo moja kwa namna mbalimbali. Mwanafunzi mwenye uwezo hupotea kwenye hatua ndogo, na huokolewa na mtu aliyekuwepo kwenye hatua hiyo kwa wakati wake.

Masomo huchaguliwa mapema

Mfano wa California unatosha kuonyesha uzito wa uamuzi wa mapema. Ili aweze kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, mwanafunzi hutakiwa kumaliza kozi 15 za mwaka mmoja mmoja, zinazojulikana kwa herufi A hadi G: miaka miwili ya historia, minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, miwili ya sayansi, miwili ya lugha ya pili, mmoja wa sanaa na mmoja wa somo la hiari. Katika kila kozi lazima apate angalau alama ya C. Alama ya D inaweza kumpa cheti cha sekondari, lakini haihesabiwi katika orodha hiyo. Kwa hiyo kijana anaweza kuhitimu sekondari bila doa, akavaa joho, akapigwa picha na familia nzima, na bado asiwe na sifa ya kuomba chuo kikuu kilichopo mtaa wa pili. Akiligundua hilo darasa la 12, muda wa kurekebisha umekwisha. Anayepaswa kumwambia ni mshauri wa shule, kijana akiwa bado darasa la 9. Chama cha washauri wa shule cha Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, lakini wastani wa nchi umekuwa ukizidi kiwango hicho miaka nenda rudi, na mzigo mkubwa zaidi mara nyingi huangukia shule zenye wanafunzi wanaohitaji ushauri zaidi.

Zamani tatizo lilikuwa la wazi zaidi. Shule ziliwagawa watoto katika mikondo, na watoto wenye asili ya Meksiko walielekezwa kwa wingi kwenye ufundi wa magari, useremala na ushonaji, huku masomo ya kuingilia chuo yakibaki kwa wengine. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa mashariki mwa Los Angeles, wa shule za Garfield, Roosevelt, Lincoln, Wilson na nyinginezo, walitoka madarasani na kuandamana. Sal Castro, mwalimu wa Lincoln aliyewaunga mkono, alikamatwa baadaye pamoja na viongozi wengine wa mgomo ule. Pamoja na kudai historia yao ifundishwe, wanafunzi hao walidai masomo ya kuwaandaa kwa chuo na washauri ambao hawangeamua mapema kwamba kazi za mikono ndizo zinazowafaa.

Serikali kuu ilikuwa imeanza kuchukua hatua kabla ya hapo. Programu ya Upward Bound ilizaliwa na sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini. Talent Search ikafuata chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, na mwaka 1968 ikaongezwa programu ya kuwasaidia walio tayari chuoni. Zote tatu zikaitwa TRIO, jina ambalo limebaki hata baada ya programu kuongezeka. Programu hizi hazikuwekewa masharti ya asili ya mtu. Kigezo ni kipato cha familia na mtoto kuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Hivyo zimewahudumia Walatino wa Texas, Weusi wa Mississippi na Wazungu wa milima ya Appalachia, na masharti yaleyale yanaweza kuwafungulia mlango watoto wa wakimbizi, wakiwemo wa familia kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili nyumbani.

Somo la Garfield

Kumbukumbu inayotajwa zaidi, na pengine inayoeleweka vibaya zaidi, ni ile ya Shule ya Sekondari ya Garfield. Jaime Escalante, aliyezaliwa La Paz mwaka 1930, alikuwa tayari mwalimu wa fizikia na hisabati nchini Bolivia alipohamia Marekani katika miaka ya 1960. Sifa zake za ualimu hazikutambuliwa huko. Akafanya kazi mgahawani, kisha kwenye kampuni ya elektroniki, huku akisoma upya. Mwaka 1974 alianza kufundisha Garfield, na miaka michache baadaye akafungua darasa la kalkulasi ambalo mwanzoni lilibakiwa na wanafunzi watano tu.

Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa Advanced Placement, ambao humwezesha mwanafunzi wa sekondari kuhesabiwa kozi ya chuo kabla hajafika chuoni. Taasisi iliyosimamia mtihani ikatilia shaka karatasi 14 kwa kuwa makosa yake yalifanana. Kati ya waliotuhumiwa, 12 walikubali kufanya mtihani mwingine chini ya uangalizi mkali, na wote 12 wakafaulu. Filamu ya Stand and Deliver ya mwaka 1988 ikaisambaza habari hiyo duniani.

Filamu ilibana miaka mingi ndani ya mmoja. Mtazamaji anaondoka akidhani kwamba vijana waliokuwa wakihangaika na sehemu na desimali walifika kwenye kalkulasi kwa mwaka mmoja, kwa ukali na mzaha wa mwalimu hodari. Mambo hayakwenda hivyo. Wanafunzi wa 1982 walikuwa wamepita aljebra, jiometri na trigonometria kwa utaratibu. Escalante alikuwa na mwenzake, Benjamin Jiménez, aliyefundisha naye hisabati. Alikuwa pia na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyemruhusu kubadili masomo ya ngazi za chini ili watoto wafike juu wakiwa tayari. Chuo cha East Los Angeles kiliwapa nafasi ya masomo ya kiangazi, ambapo mwanafunzi aliyechelewa aliweza kumaliza kozi ya mwaka mzima kwa wiki chache na kuwafikia wenzake. Wanafunzi walikuja kabla ya kengele, wakabaki baada ya masomo, wakarudi Jumamosi, na wazazi walitia saini mkataba wa kukubali ratiba hiyo. Kufikia mwaka 1987, wanafunzi 73 walifaulu mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya kwanza na wengine 12 ule wa ngazi ya juu yake.

Kisha mkuu wa shule akaondoka, na mwaka 1991 Escalante naye akaondoka. Matokeo ya kalkulasi Garfield yakashuka katika miaka iliyofuata. Somo lililobaki lina pande mbili. Upande mmoja, vijana wa mtaa maskini walionyesha kwamba hakuna kiwango cha hisabati ya sekondari kilicho juu ya uwezo wao wakipewa msingi. Upande wa pili, msingi huo ulikuwa umejengwa juu ya watu wachache waliokubaliana, na haukuwa umeandikwa kwenye taratibu za shule. Walioukuta hawakulazimika kuulinda.

Kuugeuza ujuzi wa mwalimu kuwa utaratibu

Programu mbili za California zilizoanza karibu wakati huohuo zilijaribu kutatua tatizo hilo la msingi unaotegemea watu wachache. Ya kwanza ni AVID, iliyoanzishwa na mwalimu wa Kiingereza Mary Catherine Swanson katika Shule ya Sekondari ya Clairemont, San Diego, mwaka 1980. Amri ya mahakama ya kuondoa utengano ilikuwa imeleta shuleni hapo wanafunzi kutoka mitaa ya kipato cha chini, wengi wao Walatino na Weusi. Swanson aliwachukua wanafunzi 32 na kuwaingiza kwenye masomo magumu yaleyale waliyosoma watoto wa matajiri. Sambamba na masomo hayo, aliwapa kipindi kimoja kila siku cha kujifunza jinsi ya kusoma.

Kipindi hicho hakina siri. Mwanafunzi hugawa ukurasa wake sehemu mbili kwa mstari wa wima. Upande mpana wa kulia huandika maelezo ya somo, na upande mwembamba wa kushoto huandika baadaye maswali ambayo maelezo hayo yanajibu. Chini ya ukurasa huandika muhtasari wa sentensi chache. Mbinu hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Cornell. Siku za mafunzo ya vikundi, mwanafunzi huja na swali lililomshinda. Wenzake, wakiongozwa na kijana wa chuo anayelipwa kwa kazi hiyo, humwuliza maswali mpaka afike kwenye jibu mwenyewe, na ni mwiko kumpa jibu mkononi. Mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya darasa hujifunza kutamka mbele ya watu kwamba hapa sielewi, na ni ujuzi atakaouhitaji zaidi katika ukumbi wa chuo wenye wanafunzi 300.

Ya pili ni Puente, iliyoanza mwaka 1981 katika Chuo cha Chabot mjini Hayward. Waanzilishi wake walikuwa mshauri Felix Galaviz na mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath. Walipochunguza kumbukumbu za wanafunzi Walatino wa chuo chao, waliona mwenendo uleule: vijana hawakuwa wakienda kwa washauri, walikwepa kozi za uandishi, na walikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Waliunganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hukaa ofisi tofauti: darasa la uandishi linalotumia fasihi ya Walatino, mshauri mmoja anayelifuata kundi hilo kwa mwaka mzima, na mlezi kutoka mtaani, mara nyingi mtaalamu Mlatino aliyewahi kupita njia hiyo. Mwaka 1993 programu ikaingia sekondari. Mshauri na mwalimu wakifanya kazi pamoja, insha dhaifu ya wiki ya tatu huwa taarifa kwamba kuna jambo nyumbani, na jambo hilo hupata mtu wa kulishughulikia kabla ya muhula kuharibika.

Insha na maisha ya nyumbani

Tangu Chuo Kikuu cha California kilipoacha kutumia mitihani ya SAT na ACT katika uteuzi, uzito wa maandishi ya mwombaji umeongezeka. Mwombaji huchagua maswali manne kati ya manane na kujibu kila moja kwa maneno yasiyozidi 350. Mtoto wa familia ya kipato cha chini mara nyingi hukwama hapa kwa sababu anaamini hana la kusema. Akiulizwa kuhusu uongozi, hujibu kwamba hajawahi kuongoza chochote. Mshauri mzoefu haongezi maneno makubwa. Humwuliza anafanya nini kengele ya mwisho ikilia. Hapo hutoka habari kwamba humchukua mdogo wake shuleni, humpikia, humsaidia kazi za nyumbani, kisha Alhamisi humsindikiza bibi kliniki na kutafsiri kati yake na daktari, akichagua maneno ili bibi asiogope na daktari asikose taarifa. Huo ni uongozi, na fomu ya maombi ina mahali pa kuandika majukumu ya nyumbani na kazi za kipato. Bila kuulizwa, mwanafunzi angepaacha wazi.

Kuna hatari ya upande mwingine pia. Baadhi ya washauri, kwa nia njema, huwasukuma watoto waandike misiba: kufukuzwa kwa baba nchini, njaa, risasi mtaani. Mwanafunzi hubaki na fikra kwamba thamani yake chuoni ni maumivu yake. Baada ya Mahakama ya Juu kupiga marufuku mwezi Juni 2023 kuzingatia asili ya mwombaji katika uteuzi, huku ikiacha nafasi ya mwombaji kueleza jinsi asili yake ilivyoathiri maisha yake, msukumo huo ulipata sababu mpya. Walimu wa uandishi wanaofanya kazi hii kwa uangalifu humwachia kijana haki ya kuchagua, na humkumbusha kwamba insha juu ya kutengeneza baiskeli inaweza kuonyesha akili yake kuliko insha juu ya msiba ambao bado haujapoa.

Fedha: fomu kabla ya sarafu

Kwa familia nyingi swali la kwanza ni karo. Hata hivyo, bei inayotangazwa mara nyingi siyo bei inayolipwa. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 katika mwaka wa masomo 2024-25, na majimbo na vyuo huongeza ya kwao. Njia ya kuzifikia fedha za serikali ni fomu moja, FAFSA, ambayo hutumia taarifa za kodi za familia.

Uzito wa fomu hiyo ulipimwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Watafiti walishirikiana na kampuni ya kujaza ritani za kodi, H&R Block. Familia za kipato cha chini zilizokuja kujaziwa kodi zilisaidiwa palepale kujaza FAFSA kwa taarifa zilizokuwa tayari kwenye kompyuta, zikaelezwa msaada ambao zingeweza kupata. Miongoni mwa wanafunzi wa mwisho wa sekondari, waliomaliza angalau miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Hakuna senti mpya iliyotolewa. Familia nyingine zilipewa maelezo peke yake bila kusaidiwa kujaza, na kwao hakukuonekana badiliko.

Uhakika nao una nguvu yake. Chuo Kikuu cha Michigan kilituma barua kwa wanafunzi hodari wa kipato cha chini jimboni, kikiwaahidi miaka minne bila karo endapo wangekubaliwa. Wazazi na wakuu wa shule nao walipewa taarifa. Wengi wa wanafunzi hao wangepata msaada wa kiasi hichohicho hata bila barua, lakini baada ya kujaza fomu na kusubiri. Waliopata barua waliomba nafasi kwa asilimia 68, wakati wenzao wasioipata waliomba kwa asilimia 26. Walioingia chuo hicho walikuwa asilimia 27 dhidi ya 12. Familia maskini hukwepa deni lisilojulikana ukubwa wake, na busara hiyo haiwezi kuitwa kukosa hamu ya elimu.

Jioni ya kujaza FAFSA katika ukumbi wa shule inaonyesha mahali kazi inapokwama. Mwanafunzi hufungua akaunti yake, na mzazi hufungua ya kwake kwa barua pepe tofauti. Mzazi aliyekuja na simu ya kazini hukuta msimbo wa uthibitisho umetumwa kwenye namba aliyoiacha mwaka juzi. Jina kwenye karatasi ya kodi lina majina mawili ya ukoo, kama ilivyo desturi ya Kihispania, na jina kwenye akaunti lina moja, hivyo mfumo unakataa. Mzazi hutakiwa pia kuridhia taarifa zake zichukuliwe moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi ya taifa, na asiporidhia, mtoto hapati msaada wa serikali kuu. Fomu mpya, iliyofupishwa kutoka maswali zaidi ya 100, ilitakiwa kupunguza adha hii. Ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba 2023 badala ya Oktoba, na kwa miezi kadhaa wazazi wasio na namba ya Hifadhi ya Jamii walishindwa kuikamilisha. Waliokuwa na mshauri wa kuwarudisha mezani wiki baada ya wiki walifika mwisho. Wengine walifunga kompyuta wasirudi tena.

Hali ya ukaazi huongeza tabaka jingine. Hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 ilithibitisha haki ya watoto wasio na vibali kusoma shule za umma, lakini haikugusa vyuo, na msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa chuo hauwafikii. Majimbo ndiyo yaliyoamua mengine. Texas ilitangulia mwaka 2001 kuwatoza karo ya mkazi, na California ikafuata mwaka huohuo kwa waliosoma humo angalau miaka mitatu. Mwaka 2011 California ikaongeza msaada wake wa fedha, ambao huombwa kwa fomu ya jimbo badala ya FAFSA. Sheria ya Texas ilikoma kutumika kwa wasio na vibali Juni 2025, kwa amri ya mahakama. Washauri wenye uzoefu hawamwulizi mtoto hali yake mbele ya wenzake. Huieleza fomu ya taifa na ya jimbo kwa darasa zima, ili kila mmoja aondoke na anachokihitaji bila kujitangaza.

Familia ni sehemu ya maandalizi

Kwa muda mrefu shule ziliwaona wazazi Walatino kama watu wasiojali elimu kwa kuwa hawakuhudhuria mikutano. Mikutano hiyo ilifanyika mchana, kwa Kiingereza, wakati wazazi wako kazini. Mwaka 1987 mchungaji na mwanaharakati Vahac Mardirosian alianzisha San Diego taasisi ya mafunzo ya wazazi, PIQE, akawauliza wazazi wenyewe wangependa kujua nini. Kozi ya wiki tisa ikazaliwa, kwa Kihispania, ikieleza jinsi mfumo wa shule unavyoendeshwa: alama zina maana gani, kozi zipi zinaelekea chuo, mwalimu aulizwe nini. Mzazi akiujua mfumo, huacha kuhesabiwa mgeni mwenye heshima shuleni na huanza kudai.

Swali gumu zaidi hutokea mwishoni, barua ya kukubaliwa inapotoka chuo cha mbali. Binti mkubwa ndiye anayelea wadogo zake na kutafsiri barua za serikali. Mshahara wake wa Jumamosi ni sehemu ya kodi ya nyumba. Kuondoka kwake kunagusa kila mtu, na baba hujiuliza kwa nini mtoto alale bwenini wakati kuna chuo mwendo wa basi moja. Mshauri anayemwita baba huyu mshamba huwapoteza wote wawili. Walimu waliofanikiwa walikwenda nyumbani, wakakaa, wakanywa kahawa, wakaeleza tofauti ya viwango vya kuhitimu kati ya vyuo, wakapanga ziara ili mama aone bweni, jiko na geti. Wakati mwingine uamuzi wa busara ukawa chuo cha karibu, na kazi ikahamia kwenye kuhakikisha kwamba chuo hicho cha karibu kina utaratibu wa kweli wa kumhamishia chuo kikuu.

Kiangazi na mwaka wa kwanza

Shule nyingi huhesabu ushindi siku ya mahafali. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walionyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 40 ya wanafunzi waliokwisha kukubaliwa na kuamua kwenda chuo hawaonekani chuoni mwishoni mwa kiangazi, na wengi wao ni wa kipato cha chini. Kati ya Juni na Agosti kuna malipo ya bweni, cheti cha chanjo, fomu ya kukataa bima ya afya ya chuo kwa aliye na bima nyingine, usajili wa mafunzo elekezi, na wakati mwingine barua ya kutaka ushahidi zaidi wa kipato. Mshauri wa sekondari yuko likizo, wa chuo hajamjua mwanafunzi, na bili ya kwanza inafika ikiwa na tarakimu ambayo hakuna nyumbani anayeweza kuifafanua.

Ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha mwanafunzi kila hatua, wenye mshauri wa kujibu upande wa pili, uliongeza idadi ya walioingia katika baadhi ya miji. Mafanikio hayo yalileta shauku ya kutuma ujumbe kwa nchi nzima. Kampeni kubwa za kuhimiza FAFSA, zilizofikia wanafunzi zaidi ya 800,000, hazikuleta badiliko lililoonekana. Ujumbe ulitoka mbali, kwa mtumaji asiyefahamika, na aliyekwama hakuwa na mtu karibu wa kumshika mkono.

Baada ya kuingia, kazi hubadilika sura. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chenye wanafunzi wengi Walatino na chuo cha Hostos kilichoanzishwa kwa madai ya wakazi wa South Bronx mwaka 1968, kilianzisha mwaka 2007 programu iitwayo ASAP kwa wanafunzi wa shahada ya awali ya miaka miwili. Mwanafunzi husoma muda wote, hukutana na mshauri wake mara kwa mara, hulipiwa pengo la karo, na hupewa kadi ya usafiri wa mji ambayo huendelea kuipata maadamu anashiriki. Tathmini huru ilikuta kwamba asilimia 40 ya washiriki walihitimu ndani ya miaka mitatu, wakati kundi la kulinganisha lilikuwa na asilimia 22. Kadi ya usafiri inaonekana jambo dogo, lakini kwa mwanafunzi wa kipato cha chini nauli ni miongoni mwa mambo yanayomfanya akose kipindi cha Jumatatu, kisha cha Jumatano, kisha muhula.

Mpangilio wa kazi

Kumbukumbu hizi zikiwekwa pamoja zinatoa ratiba inayoweza kufuatwa na shule yoyote. Darasa la 9, kila mtoto na mzazi wake waione orodha ya masomo ya chuo, na hisabati ianzie mahali panapoweza kufika mwisho. Darasa la 10 na 11, ujuzi wa kusoma ufundishwe waziwazi, masomo magumu yafunguliwe kwa wote, na vyuo vitembelewe pamoja na wazazi. Darasa la 12, insha na fomu za fedha zijazwe shuleni, katika saa ambazo mzazi hayuko kazini, na mtu wa kuzifuatilia mpaka zikubaliwe. Kiangazi, angalau mshauri mmoja aendelee kulipwa. Mwaka wa kwanza chuoni, jina la mwanafunzi lihamishwe kutoka kwa mshauri mmoja hadi kwa mwingine anayejulikana kwa jina na ofisi. Kila hatua ipewe mtu na bajeti katika taratibu za shule, ili mwalimu hodari anapostaafu au kuhama, atakayepokea nafasi yake akute kazi imeandikwa na wajibu wa kuiendeleza ni wake.